Kaka Hujibu Makosa

Kaka alipoondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, alimwachia mkewe sharti moja: ajifunze Kiingereza, afaulu mtihani unaotakiwa na watu wa viza, ndipo amwite. Wifi yangu alikubali kabla hata begi halijafungwa.

Tulikuwa tunashona sare za shule katika chumba cha mbele nyumbani kwa Mama, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na mapindo. Jioni alikwenda darasani, ghorofani juu ya duka la misumari. Akirudi ananisimulia, maana mimi niliishia shule ya msingi na mengi kwangu yalikuwa mapya.

"Wifi, hawa watu wana jana nyingi," aliniambia, mguu ukiwa kwenye pedali. "Kuna jana iliyokwisha ikazikwa. Kuna jana ambayo mpaka leo inakusumbua. Na kuna jana iliyokuwa inajiendea zake, mara jana nyingine ikaikatiza."

Mama alikuwa anachambua vifungo. "Na mwanangu yuko kwenye jana ipi?"

"Ndiyo naenda kuuliza, mama."

Tukacheka. Siku hizo tulikuwa bado tunacheka.

Kaka alisema wasiandikiane Kiswahili tena, ili mkewe apate mazoezi. Mwanzoni majibu yake yalikuwa marefu. Anasahihisha sentensi, kisha anaeleza baridi ya huko, chumba anacholala, mwenzake anayekoroma kama pampu. Wifi ananitafsiria huku anapiga pasi. Baadaye yule mwenzake akaacha kukoroma, baridi nayo ikaisha, likabaki sahihisho tupu.

Wifi hakulalamika. Alisoma. Maneno yanayoeleza mengine ndiyo yalimtesa, hasa lile "only", yaani "tu" yetu.

"Hili ni kuku asiye na banda," alisema. "Ukilala hujui litaamkia wapi. Mwalimu anasema neno likae karibu na mwenyewe, la sivyo linaeleza mtu mwingine."

"Kama kifungo na tundu lake," nikasema.

"Ehe. Sasa mimi nafunga cha shingoni kwenye tundu la tumboni."

Lakini alijifunza, na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo, maana kazi yangu ni ya kukaa na kutazama. Akituma sentensi yenye kasoro, simu inalia kabla hajakata uzi. Akituma iliyo safi, alama za kuonyesha imesomwa zinatokea, basi. Kadiri alivyozidi kujua ndivyo simu ilivyozidi kunyamaza.

Siku moja alimwuliza Kaka, kwa Kiingereza kilichonyooka, karatasi zake zitaanza kushughulikiwa lini. Kimya. Siku ya pili akauliza lilelile, kitenzi akakiweka kwenye wakati usio wake. Swali likarudi limesahihishwa. Jibu halikuwemo.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, wifi."

Tangu hapo nilimwona akiandika vizuri, anasoma alichoandika, kisha kidole kinarudi kuharibu neno moja. Nilimwacha. Mwenye kiu hanyang'anywi kikombe kwa sababu kina ufa.

Akafaulu. Wateja wakamwita Bi Pasipoti. "Ukifika huko usijifanye hutujui," mmoja akamtania, "tunazo picha zako ukiwa na sindano mdomoni." Mama alivuta sanduku la safari kutoka chini ya kitanda, akalipangusa, akaliacha wazi katikati ya njia, tukawa tunaliruka kwenda jikoni.

Wifi alipiga picha cheti chake, akakituma na sentensi isiyo na doa. Alama zikatokea. Kukapambazuka, hakuna neno. Akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka.

Nikamwandikia Kaka mwenyewe, kwa Kiswahili changu: Kaka, wifi amefaulu. Unamwita lini?

Mimi alinijibu palepale. Hongera zake. Mwambie asiache mazoezi.

Nikauliza tena, lini? Akanitumia picha ya kidole gumba.

Nilimsomea wifi yote, kwani kumficha kungekuwa kidonda juu ya kidonda.

"Rudia hapo pa mazoezi," akasema.

Nikarudia. Akaitazama sketi aliyokuwa ameishika kana kwamba haijui.

"Watu husema subira huvuta heri," akasema. "Yangu inavuta kamba tu, wifi. Na upande wa pili hakuna aliyeshika."

"Usimwandikie tena."

"Nisipomwandikia, nitajuaje kama yu mzima?"

Alivuta simu, akaandika kwamba amefaulu na anamsubiri. Akaisoma. Ilikuwa sawa, hata mimi sasa niliweza kuona. Akakaa nayo mkononi muda mrefu, mpaka pasi ikapoa. Kisha akaling'oa neno moja mahali pake, akalipachika pasipofaa, akatuma.

Simu ikalia. Neno limerudishwa lilipokuwa.

Mama akachungulia mlangoni, kitambaa cha kupangusia sanduku kikiwa mkononi. "Ni mwanangu huyo?"

"Ndiye, mama."

"Anasemaje?"

"Mzima."

"Na safari?"

Wifi alikuwa ameshainamia cherehani, anatafuta tundu la sindano na uzi ulioloa mate. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha tena.

"Mwambie chakula tayari," Mama akaniambia mimi, ingawa wifi alikuwa hapohapo anasikia, akaenda zake.