Geji ya Fundi Nyusi

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuvuta kamba. Mumewe alikuwa fundi wa injini za boti, yeye alikuwa fundi wa cherehani, na chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia. Huku vitambaa, mikasi na chaki. Kule spana, grisi na injini zilizofungwa kwenye magogo zikisubiri zamu zao. Kila mumewe alipotaka kupima kompresheni, nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, alipaza sauti, "Mama wa nyumba, niazime mikono!" Naye aliiacha nguo na sindano yake, akapita chini ya pazia akinung'unika, akaishika kamba ya kuwashia.

Mume alichuchumaa upande wa pili wa injini, jicho kwenye geji, kile kipimo cha mviringo chenye mshale. "Vuta," alisema. "Tena. Tena. Tena." Mpaka mabega ya mke yakawaka moto. Kisha mume akaandika namba ukutani kwa penseli, akasema ahsante kwa adabu zote, kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa na mgeni.

Mwaka wa tatu sasa tangu wamzike. Pazia lilikuwa limeshushwa, na upande ule aliingia kufagia tu.

Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, akafika na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na injini yake ya boti, ile ya silinda mbili aliyokuwa akivushia abiria na mizigo mtoni kila siku ya Mungu.

"Shemeji, imenichosha," alisema akijifuta jasho. "Nikipakia watu sita inakohoa kama mzee mwenye pumu. Fundi wa mjini ameigusa dakika mbili, akaniambia imekufa, ninunue nyingine."

"Aliipima?"

"Aliisikiliza."

"Injini haisikilizwi kama redio. Inapimwa."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Hayakuwa yake, yalikuwa ya mumewe, hata ule mguno wa mwisho. Shemeji akamtazama, akacheka kidogo. Wote wawili waliligeukia pazia.

"Geji yake bado ipo?" shemeji aliuliza taratibu.

"Ipo. Lakini mimi sijawahi kuisoma, shem. Mimi nilikuwa punda wa kamba."

"Basi leo nitakuwa punda mimi."

Mjane alitaka kukataa. Alikuwa na sare za shule kumi na nne za kumaliza kabla ya Ijumaa. Lakini mkono ulikwisha kulishika pazia.

Kule ndani harufu ilikuwa ileile: mafuta, chuma, na sabuni ya unga aliyotumia marehemu kunawia mikono. Alifungua madirisha yote mawili na mlango wa nyuma. Alipogeuka alimkuta shemeji amebandika sigara mdomoni.

"Hiyo ibaki nje. Unataka na wewe waanze kukuita Nyusi?"

Shemeji aliangua kicheko, akaitupa sigara uani. Hakuna aliyekuwa hajui kisa kile. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, mume alipima injini bila kuzifunga waya za plagi kwenye chuma cha injini. Mke alivuta kamba, cheche ikaruka kutoka kwenye waya, ikakuta mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu la plagi. Moto uliwaka na kuzimika kwa kufumba na kufumbua, ukaondoka na nyusi ya kulia, isiote tena sawasawa mpaka anaingia kaburini. Watu wakamwita Fundi Nyusi. Mwanzoni alikasirika. Mwishowe alijiandikia mwenyewe jina hilo mlangoni, kwa rangi nyekundu.

Tangu siku ile aliyafanya mambo yake kwa mpangilio mmoja, akiyataja kwa sauti, naye mke aliyasikia mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuyasema usingizini. Sasa aliyasema, na shemeji akayafuata.

Waliifunga injini juu ya pipa la maji, wakaiwasha kidogo ipate moto, maana injini baridi hudanganya. Wakaizima. Wakachomoa mpira wa mafuta na kuuweka mbali. Gia ikawekwa huru. Kamba nyekundu ya kuzima injini ikatolewa kabisa, isije ikawaka, naye akaitia mfukoni mwa aproni yake.

"Plagi sasa. Pulizia uchafu kwanza, usiangukie ndani. Na usizishike mikono mitupu, zina moto."

Plagi mbili zikatoka, nyeusi kwa masizi. Alizipanga juu ya kitambaa, ya juu kwa juu, ya chini kwa chini. Waya zake alizibana mwenyewe kwenye chuma cha injini, akazivuta kuhakikisha hazichomoki, kisha akazivuta tena.

"Fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini ipate hewa ya kutosha. Halafu usimame pembeni. Uso wako usikae mbele ya tundu."

"Ndiyo, fundi," alisema shemeji, na safari hii hakuwa anatania.

Akaifunga geji kwenye tundu la juu. Hapo akagundua kwamba ili asome, lazima achuchumae pale mumewe alipozoea kuchuchumaa, kwenye kigoda kifupi chenye mguu uliotiwa kiraka. Akakaa. Magoti yalilia.

"Vuta."

Mshale uliruka, ukasimama. "Tena." Ukapanda. Mara ya tatu ukapanda kidogo, ya nne kidogo zaidi, ya tano ukatulia kwenye mia moja na kumi na nane. Alimwambia avute mara ya sita, kwa uhakika. Mshale haukusogea.

"Tena?" shemeji aliuliza, kamba mkononi.

"Hapana, imefika. Haipandi tena."

"Basi? Mara tano tu?" Shemeji alishusha mikono. "Mbona wewe alikuwa anakuvutisha mpaka kumi na mbili? Nilikuwa nakaa pale mlangoni nakuonea huruma. Nikajua ndivyo inavyotakiwa."

Aliinua macho kutoka kwenye geji, na kutoka pale kwenye kigoda, juu kidogo tu ya kifuniko cha injini, aliona uso wa shemeji wote mzima: jasho, pumzi, meno aliyoyauma kwa kuvuta. Hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Ukuta ulikuwa nyuma yake na dirisha lilikuwa ubavuni, likimulika yule aliyesimama.

Miaka ishirini na miwili. Vuta. Tena. Tena. Na mshale umetulia zamani.

"Mshenzi yule," alisema polepole.

"Nani?"

"Kaka yako." Alianza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuishika injini asianguke, na machozi nayo yakaja humo humo, akayaacha yashuke. "Mabega yangu yote haya! Nikimuuliza kwa nini kila siku nyingi hivyo, ananiambia mshale ni mzito, kumbe jicho halipo kwenye mshale!"

Shemeji alichukua muda kuelewa. Alipoelewa aliinama, akajifanya anakaza kitu kwenye pipa.

"Alikuwa haongei sana, kaka," alisema hatimaye.

"Hakuwa anaongea kabisa."

Alijifuta uso kwa ukingo wa aproni, akahamishia geji silinda ya chini. Vuta, tena, mara tano. Themanini na nne. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Akachukua kijiko kimoja cha oili, akakimimina kwenye tundu, wakavuta upya. Mshale ulipanda mpaka mia moja na tisa.

"Umeona? Oili imeziba mwanya pembeni ya pistoni, nguvu ikarudi," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuitarajia. "Ringi zimechoka, zile pete za pistoni, shem. Ringi tu. Mwambie fundi wako wa mjini maiti imefufuka."

Ringi zilichukua wiki mbili kufika. Fundi mmoja wa jirani, mtu wa makamo asiye na makuu, alizifunga, na yeye alisimama kando akimkumbusha habari ya waya mpaka yule bwana akamwomba amhurumie. Walipopima tena, silinda zote mbili zilikuwa juu ya mia moja na kumi na tano. Shemeji alipiga mluzi.

Jumamosi iliyofuata mjane alizifunga sare kumi na nne alizochelewesha, akamwomba radhi kwa simu mwalimu wa ng'ambo ya mto aliyeziagiza, akateremka mtoni mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Boti ilikuwa imebeba abiria wanane na magunia. Shemeji alimpa nafasi ya mbele.

"Kaa hapa upate upepo, shemeji."

Alikaa, kifurushi mapajani, viatu mkononi. Injini iliwaka kwa mvuto mmoja. Walipofika katikati, maji yalimrukia usoni, naye hakuyafuta.