Chakula cha Njia Panda

Kwao Ileje, mke wa mtu hatazamani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, huacha njia. Akisikia sauti yake, hufunika uso. Mchungaji alihubiri dhidi ya jambo hilo Jumapili mbili nzima, watu wakaitikia amina, kisha wanawake wakatokea mlango wa nyuma wasije wakakutana na wakwe zao.

Kwa hiyo Tulinagwe alipotakiwa kumfuata mumewe Watson kwenye machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya Mkwajuni, ilibidi wifi yake Yunisi awekwe katikati. Mbele baba mkwe, mzee Anyelwisye, kisha Yunisi na mzigo wa chakula, nyuma Tulinagwe na mwanawe Roda wa miezi minne mgongoni. Kila walipopumzika Yunisi alimpakulia. “Kula, wifi. Maziwa hayaji kwa maombi.”

Walipofika Mpemba, Yunisi alichomwa mwiba, mguu ukavimba. Wakamwacha kwa jamaa. Kusubiri kusingewezekana: mvua zilikuwa karibu, na mto Songwe ukijaa haubembelezeki. Mzee akajitwika chakula, akashika njia. Hakuna aliyeuliza mkaza mwana atakula nini.

Tulinagwe alimfuata kwa mbali, akitazama nyayo tu. Kwenye njia panda ya kwanza akakuta njugu za kuchemsha na viazi viwili vimetandazwa juu ya jani. Akaruka nyuma. Nani asiyejua? Ugonjwa ukishindikana nyumbani hutolewa, ukawekwa njia panda pamoja na chakula kizuri, umngoje mwenye njaa. Akazunguka majanini, akasali Baba Yetu mpaka mwisho, na kwa tahadhari akatema mate pia.

Ulikuwa msimu wa njaa. Wenyeji waliwapa pa kulala, naye Tulinagwe akapewa uji mwepesi, chini ya kibuyu panaonekana. Kesho yake akakuta njia panda mbili na vyakula viwili, kimoja kina kipapatio cha kuku. Nchi gani hii, aliwaza, wachawi hawana hata aibu! Ndipo hasira ikamshika. Mzee anashiba peke yake huko mbele, na mjukuu wake ananyonya uji wa watu.

Siku ya tatu, jua la utosi, maziwa yakakatika. Roda alinyonya, akaachia, akalia. Baadaye akawa anaguna tu. Kisha akanyamaza. Tulinagwe akaketi palepale njiani. Aliogopa kumtikisa mtoto, asije akajua kwamba amekufa.

Akasikia vishindo. Mzee alikuwa anarudi mbio, kwa zile mbio za wazee ambazo magoti hayakubali, na hakuwa amefunika macho. Tulinagwe akavuta kanga usoni.

“Funua,” mzee alisema. “Mbona simsikii mtoto?”

“Anapumua,” alisema Tulinagwe, kiganja puani pa mtoto. “Maziwa hakuna.”

“Hakuna vipi? Chakula nilichokuwekea unakipeleka wapi?”

Tulinagwe hakuelewa. Kisha akaelewa.

“Nilikipita, baba. Kilikuwa njia panda.”

“Niliweka njia panda ili usipotee.” Mzee akatua mzigo. “Hata mimi ningekipita,” alisema.

Akakoroga unga wa ulezi kwa maji, akauchemsha, akawa anamdondoshea mtoto mdomoni kwa ncha ya kidole, mpaka Roda akaanza kuramba. Kilichobaki kwenye mzigo alikimimina chote mbele ya Tulinagwe, akaketi wakitazamana, akihesabu matonge. Kila Tulinagwe alipoacha kutafuna, mzee alikohoa.

Tangu hapo walikwenda pamoja. Walipumzika kila kivuli, wakala kidogo kidogo, wakanywa maji hata bila kiu. Kesho yake jioni kifua kikaanza kuuma, yakatoka matone machache ya maziwa, kisha mengi. Tulinagwe alilia kwa sauti, na mzee hakugeuka kando.

Watson alipowaona wanatokea bega kwa bega, aliona aibu mpaka masikio. Hata mtoto hakumpokea kwanza. Alimvuta mkewe pembeni.

“Baba ameuona uso wako?”

“Ameuona.”

“Nawe ukautazama wake?”

“Mimi nilikuwa nakula,” alisema Tulinagwe.