Kibuyu Kikisimama

Kila asubuhi pale Masieda, bibi Scolastica akianza kusuka maziwa kwenye kibuyu, lazima amwite mjukuu wake Judica akae karibu, hata kama hana kazi ya kumpa. Judica aliona ni usumbufu wa uzee tu. Siku hiyo alikuja amenuna, akawasha simu ajifunze densi ya loking hapohapo uani.

Hatua ya kwanza ilionekana rahisi: zungusha viganja juu ya kichwa, shusha mikono, kisha ganda ghafla kama umepigwa picha. Viganja vilikubali. Kuganda ndiko kulikomshinda; kila akisimama, mabega yaliendelea kutikisika. Bibi akaangua kicheko.

"Bibi, usinicheke!"

"Nisikucheke vipi? Unasuka kama mgeni. Mgeni anatikisa tu mpaka achoke. Mwenyeji anasimama, asikilize kama siagi imejitenga. Wewe nawe simama usikilize."

Wimbo wa kwenye simu ulikuwa umekwisha. Judica akazungusha, akashusha, akasimama asikilize. Mwili wote ukaganda. Ndani ya kibuyu alisikia maziwa yakichezacheza, bado mepesi.

Alipogeuka, bibi alikuwa amekituliza kibuyu mapajani, anamtazama usoni.

"Je, imejitenga?"

"Kwani wewe hujasikia, bibi?"

"Sauti ndogo kama hiyo masikio yangu yameikosa tangu mwaka juzi. Ulidhani nakuita kwa nini?"

Judica akaweka simu chini, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

"Tikisa tena, bibi. Bado kidogo. Nitakuambia."