Jiko la Gladness

Swali la kaboni monoksaidi Gladness alilipata lote. Mwalimu Zuleha alilisahihisha mwenyewe na akafurahi hasa, maana ni wachache darasani waliokumbuka kwamba hewa hiyo huingia mapafuni na kung'ang'ania damu hadi oksijeni ikakosa nafasi. Gladness aliyaandika yote hayo kwa Kiingereza kisicho na kosa. Mwezi haukuisha, kipupwe kikiuma Kondoa nzima, aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba dirisha kwa kanga, akalala. Asubuhi hakuamka.

Ilikuwa miaka ile shule za watu binafsi zinachipuka kila mji, kila moja ikijitapa kwa Kiingereza. Ya kwao ilikuwa na kibao. Ukiponyokwa na Kiswahili unakivaa shingoni hadi jioni. Zuleha aliwavisha watoto wa watu bila huruma, eti anawajenga. Bweni halikuwapo, hivyo watoto wa mbali walipanga vyumba mitaani, na Gladness, aliyetoka Chemba, alipanga kwa Bi Swaumu.

Uani kwa Bi Swaumu, ndugu wakisubiri gari la kubeba mwili, maneno yalikuwa yameshapamba moto. Binti hakuugua, hana jeraha, na jana yake alikula wali wa mwenye nyumba. Wengine walisema sumu, wengine uchawi. Bi Swaumu, mama wa watu, alikuwa amejifungia ndani, analia. Zuleha, aliyekuja msibani na kuliona lile jiko na dirisha lililozibwa, alijua kwamba akinyamaza, yule mama atahamishwa mji kwa aibu, kama si kwa kipigo. Alijua pia kwamba akisema, atakuwa amejisema mwenyewe. Alisita, na kule kusita kulimuuma kuliko alivyotarajia.

Mwishowe alikwenda kuchuchumaa mbele ya mzee Eliakimu, baba wa marehemu, mfugaji aliyekaa na fimbo yake mapajani. Akampa shikamoo, akampa pole, kisha akamwambia Bi Swaumu hana kosa.

"Ni jiko, mzee. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa mbaya, haina moshi wala harufu. Mtu anaivuta amelala, inakaa kwenye damu mahali pa ile hewa nzuri. Hashtuki. Anaondoka na usingizi wake."

Mzee hakubisha. Aliuliza kama hata nyumba ya tembe, ya udongo mtupu, inaweza kuua hivyo, akaambiwa ndiyo, kama haipitishi hewa. Akawaita nduguze, akawaeleza kwa maneno yaleyale, akaamuru mwenye nyumba aitwe atoke na aombwe radhi. Kisha akamgeukia tena Zuleha.

"Mimi sikusoma, mwalimu. Umeniambia mara moja nimeelewa. Mwanangu hamkumfundisha?"

Zuleha angeweza kusema somo halijafika huko, na nani angembishia?

"Nilimfundisha maneno, mzee. Jiko sikulitaja."

Eliakimu aliutazama mlango wa chumba cha mwanawe. Zuleha alitamani atukanwe, yaishe.

"Na wenzake waliopanga huku mitaani," mzee akauliza taratibu, "hao wanajua?"

"Hawajui."

"Sasa umekaa hapa na mimi unangoja nini? Jioni inaingia, mwalimu, na baridi ndiyo hii. Nenda."