Tangazo la Mzee Léonce

Jumamosi moja, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wa Kagugu wakiwa bado wanaosha majembe yaliyochimba mtaro asubuhi, Gahongayire alipanda ngazi hadi studio juu ya duka la rangi, akafungua dirisha na kupangusa maikrofoni mbili kwa kitambaa. Kaze, fundi mitambo wake, alikuwa ameshaanza kupanga nyimbo. Mada ya siku hiyo ilikuwa mashemeji. Kipindi chao cha muziki na vichekesho kilikuwa na mada moja kila wiki, na kila kitu kilipaswa kuifuata: nyimbo, maigizo, hata simu za wasikilizaji. Aliyeomba wimbo wa mvua siku ya mashemeji alitaniwa hewani mpaka aombe radhi.

Mzee Léonce, mtangazaji mwenzake, aliingia saa nane kasoro kama kawaida yake. Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari wake, akauliza kama chai ipo. Alikuwa amezikwa Jumatano. Pindo za suruali yake ya suti zilikuwa na udongo mwekundu, na Gahongayire, ambaye alikuwa miongoni mwa waliorusha udongo huo, alimsogezea kiti.

"Pole na safari, mzee."

"Asante, binti yangu. Barabara iko nzuri. Watu wa umuganda wamenisalimia wote."

Wakaenda hewani. Léonce aliigiza shemeji aliyekuja kutembea siku mbili, akashuka kwenye pikipiki na mbuzi wawili na pasi ya umeme, na wasikilizaji wakavunjika mbavu. Mafundi cherehani wa soko la Kimironko walipiga simu kwa pamoja wakidai arudie. Akarudia. Hakuna msikilizaji aliyemuuliza lolote kuhusu Jumatano.

Saa hiyohiyo, kule Gisozi, nyuma ya karakana za maseremala, mjane wake Mutesi alikuwa amekaa na majirani uani. Zilikuwa siku za ikiriyo, ambapo mfiwa haachwi peke yake. Watu hukaa naye, huzungumza au hunyamaza, huku chai ikizunguka. Mtu mmoja alifungua redio ya simu yake kwa mazoea. Sauti ya Léonce ikatoka, yenye afya, ikisimulia habari za mbuzi na pasi. Majirani walitazamana. Walikuwa watu wema, ndio waliolibeba jeneza, lakini adabu haikuwaruhusu kukaa msibani kwa mtu ambaye yuko redioni anachekesha. Wakamaliza chai zao na kuaga mmoja mmoja.

"Utusalimie mzee," walisema mlangoni.

Mutesi akabaki na viti vilivyoazimwa kanisani, safu kwa safu, na birika lililojaa.

Jumatatu alikuja kituoni. Gahongayire alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka moja kwa moja kwa Bayingana, mwenye kituo. Bayingana alikuwa amekulia Kampala, mtu mcheshi, mwepesi wa kutoa msaada. Kwenye mazishi alilia hadi miwani ikamdondoka.

"Nataka redio imtangaze mume wangu," alisema Mutesi. "Yeye alitangaza misiba ya watu wote. Wake bado."

"Mama, pole sana. Mimi nililia, uliniona mwenyewe," alisema Bayingana. "Lakini hii tangazo haiwezekani sasa. Yule mtu wa magodoro alichukua sauti ya mzee kwa matangazo yake. Kontrati inasema mtangazaji mwenye iko hai. Tukisema amekufa, anatutoka."

"Lakini amekufa," alisema Gahongayire.

"Amekufa, ndiyo. Nani anakataa? Mimi nasema tu tusitangaze."

Mutesi aliyatazama mapazia ya ofisi. "Kila saa namsikia katika hiyo tangazo ya magodoro. Anasema, mimi na bibi yangu tunalala vizuri. Mimi silali, patron."

Bayingana alivua miwani, akaifuta, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Aliahidi kwamba kontrati ikiisha watamtangaza mzee kwa heshima zote, na muziki. Kisha akaagiza dereva amrudishe mama nyumbani.

Gahongayire alishuka ngazi akiwa na hasira. Jumamosi alikuwa amemuuliza Léonce, wakati wimbo unapigwa, kwa nini amekuja kazini, na mzee alijibu bila kulalamika. Alisema maisha yake yote amesoma matangazo ya vifo, ya wakubwa na ya watu wa kawaida. Mtu alikuwa anakufa nyumbani au hospitali, lakini kazi ilikamilika redio iliposema. Yeye hakutangazwa, kwa hiyo zamu yake ya Jumamosi ilikuwa bado yake, na hakuwahi kukosa zamu.

"Mimi nachoka, binti yangu," aliongeza. "Kutoka kule mpaka hapa ni kupanda tu."

Gahongayire alilelewa Bukoba, na nyumbani kwao aliitwa kichwa kigumu tangu siku ya kipaimara, alipokataa viatu vya kuazima na kwenda mbele ya askofu miguu mitupu. Alipiga moyo konde. Bayingana alisimamia kila kitu katika kituo kile, hata sukari ya chai, lakini mada za Jumamosi hakuwahi kuzigusa. Ijumaa Gahongayire alimwambia Kaze kuwa mada ya wiki ni matangazo.

"Matangazo gani?" aliuliza Kaze.

"Yote."

Kaze alimtazama kidogo, akaelewa, akaenda kutafuta nyimbo.

Kipindi kilianza kwa mbuzi aliyepotea Kimironko na kuonekana mara ya mwisho akiwa amevaa sweta la shule. Akafuata bwana harusi anayetafuta suti yake, iliyoondoka na msimamizi wake. Léonce alisoma tangazo la kukatika maji kwa sauti ya padri anayefungisha ndoa. Simu hazikukatika. Mwishoni, Gahongayire alimpa Kaze ishara ya kuzima muziki. Studio ikawa kimya hadi msumeno wa seremala ukasikika barabarani. Akasoma polepole, kwa utaratibu ambao kila nyumba ya mji ule inaujua:

"Familia ya Mutesi, ya Gisozi, inasikitika kumtangazia Habiyaremye aliyeko Huye, Libère na familia yake walioko Bujumbura, watoto wote popote walipo, majirani, marafiki na wasikilizaji wa kipindi hiki, kwamba mpendwa wao Léonce, mtangazaji, amefariki dunia. Mazishi yameshafanyika. Atakayesikia tangazo hili amjulishe mwenzake."

Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa mazoea ya kazi. Tangu ujana wake Léonce hakuwahi kuacha tangazo la kifo lipite bila maneno ya kulifunga, na kabla hajajizuia mdomo wake ulikuwa umeshafika kwenye maikrofoni.

"Poleni sana wafiwa," alisema kwa sauti yake nzito. "Mungu awape nguvu."

Taa zote za simu ziliwaka pamoja. Wa kwanza kupiga, fundi cherehani wa Kimironko, alishindwa kusema kwa kicheko, akakata. Wa pili alisema tangu azaliwe hajasikia mtu anajitangazia kifo na kujipa pole mwenyewe. Wa tatu alimpa Léonce pole rasmi ya kufiwa na Léonce. Mzee alimshukuru, maana pole haikataliwi.

Gahongayire hakucheka. Alianza upya, akasoma tangazo lote toka familia ya Mutesi hadi atakayesikia. Safari hii Léonce alijiziba mdomo kwa kofia. Wasikilizaji walicheka zaidi.

"Umesikia, mzee?" aliuliza wimbo ulipoanza.

"Nimesikia. Umesoma vizuri." Alifikiri. "Libère umemkimbiza kidogo."

Akampa Kaze mkono, akamshika Gahongayire kichwani kama baba anayeaga, akavaa kofia na kushuka. Kwa mara ya kwanza hakuuliza mada ya wiki ijayo.

Kule Gisozi majirani walirudi kwa Mutesi kicheko kikiwa bado usoni. Walirudi hata hivyo, kwa kuwa redio ilikuwa imesema. Walikaa kwenye viti vya kanisa, wakafuta machozi ya kucheka, wakasimulia tena ile pole. Kabla jua halijatua mtu mmoja alikuwa analia kweli, kisha wengine, na Mutesi akaegemea bega la jirani na kulia kilio alichokuwa amekishikilia tangu viti vibaki vitupu. Siku zilipotimia walikata ikiriyo kama inavyostahili, kwa kinywaji na maneno machache, na usiku ule alilala.

Bayingana hakukasirika. Alimwita Gahongayire ofisini, akampongeza kwa kipindi bora kuliko vyote. Mtu wa magodoro alikuwa amepiga simu mwenyewe. Mji mzima ulikuwa unazungumzia mzee aliyejipa pole, na mtu huyo alikuwa ameongeza kontrati mwaka mwingine, sauti ileile, maneno yaleyale.

"Nimemtangaza kuwa amekufa," alisema Gahongayire. "Hewani. Mara mbili."

"Ile ilikuwa komedi," alisema Bayingana kwa upole. "Kila mtu amesikia ni komedi."

Léonce, akiwa ameshatangazwa, hakuja tena kwa zamu yake, lakini tangazo la magodoro lilipopigwa ilimbidi aje, kwa sababu sauti yake ilikuwa inafanya kazi. Alitokea mlangoni, kofia mkononi, udongo mbichi kwenye pindo za suruali, akasimama mpaka tangazo liishe, kisha akashuka. Hakuketi, na chai hakuuliza. Siku za wiki mfagiaji aliukuta udongo ngazini, akaufagia pamoja na vumbi lingine.

Gahongayire naye aliamua. Kila Jumamosi, iwe mada ni mvua au majirani au nywele, kabla tu ya tangazo la magodoro alisoma lile la familia ya Mutesi, lote. Bayingana alimwomba alifupishe, akakataa. Alimwomba angalau acheke kidogo, akakataa hilo pia. Alisema ataendelea kusoma mpaka atakapopatikana mtu wa kuliamini.

Mutesi alianza kuja. Alivaa mshanana wake wa kanisani, akaketi karibu na mlango na brashi ya nguo mapajani. Alisema hawezi kumwacha mtu wake asimame mbele za watu akiwa na udongo.

Jumamosi ya mada ya viatu, Gahongayire alizima muziki na kusoma. Jina la Libère alilitamka taratibu. Baadhi ya wasikilizaji walicheka, wengine walikuwa wameshazoea. Kaze akabonyeza, magodoro yakaanza, na Léonce akawa mlangoni. Mutesi alipiga magoti na kuanza kusafisha mguu wa kushoto wa suruali.

"Mimi na bibi yangu," ilisema sauti kwenye spika, ikicheka, "tunalala vizuri."

"Geuka," alisema Mutesi.

Mzee akageuka. Tangazo likaisha, na mguu wa kulia ulikuwa bado na udongo.