Nafasi Imejaa Raba Nyekundu

…imejaa, eti nafasi ya bure ya mtandaoni imejaa, imejaaje na mimi sijaweka kitu, picha zangu haziendi kokote, zimekwama humu ndani ya simu hii inayozimika ovyo, na fundi ameshika bisibisi ananitazama, "Dada, nikiifuta yote itapona, ila kila kilichomo kinaondoka. Umeshahifadhi mtandaoni?", nimehifadhi wapi kaka yangu, ngoja kwanza, na usigonge meza, mtoto amelala mgongoni, naye anaacha kugonga, anaweka bisibisi juu ya kitambaa taratibu, Mungu ambariki, angalau yeye… marehemu mama yangu yumo humu kwenye video, anamwogesha huyu huyu mtoto kwenye beseni la bluu, anacheka, "Jaribu maji kwa kiwiko, wewe, mkono wako umezoea masufuria," sauti yake iliyobaki ni hiyo tu, sina nyingine duniani, na nani kaijaza akaunti, wifi yangu, dada wa mume wangu, si ndiye aliyesema siku tuliponunua simu, "Akaunti tatu za nini, sisi si kitu kimoja? Mtasahau neno la siri bure," tukafungua moja, yangu, ya kaka yake na yake, nikaona ni upendo, kumbe nimekaribisha kabati la viatu, tazama, raba nyekundu, raba nyekundu kwa ubavu, raba nyekundu ngazini, uso wake, uso wake tena, midomo kaibinua kama anapuliza uji, na hao wenye mtandao nao, wanakupa bure mpaka uzoee, ukishawakabidhi mama yako ndipo wanakwambia lipia… "Ukifuta hapo, na kwenye simu yake zinapotea," fundi ananikumbusha, zipotee, mama yangu hakupotea? nachagua zote, zote, atalia, alie, atasema mke wa kaka ana roho mbaya, aseme, kidole kiko juu kabisa ya alama ya kufuta na… hii nini, hizi raba mbona zimo kwenye miguu mizee, ukumbi wa hospitali, benchi, ni mama, amesinzia ameegemea ukuta, siku ile mimi nilikuwa ndani najifungua, alikuja mbio ndala zikakatika njiani, hilo nilisimuliwa, ila hakuna aliyeniambia kuhusu raba, na pale chini ukingoni mwa picha, vidole viwili vya mguu vilivyopakwa rangi, vya wifi, peku, juu ya sakafu ya saruji… "Dada, tufute?", subiri kaka, subiri, naondoa alama moja moja, raba hii ibaki, na hii, sasa nitajuaje ipi ni ya kuringa na ipi ni ya mama, hasira iko pale pale, haijapungua hata tone, ila ilikuwa inajua njia na sasa haijui, mtoto anajigeuza mgongoni, fundi bado anangoja, nitamwomba simu yake, nitampigia wifi, nitamgombeza, lazima nimgombeze kwanza, aondoe midomo yake yote ile mama apite, halafu nitamuuliza, wewe, ulirudi nyumbani umevaa nini.