Kioo cha Marehemu Apisai

Jumamosi asubuhi, soko la Savusavu, mji wa kisiwani, likiwa limejaa mihogo na majimbi, Litiana aliingia kwa Hemraj, fundi simu, na simu yake ikiwa ndani ya bakuli la mchele. Ilimponyoka alipokuwa akiokota kome mtoni. Kioo kilikuwa cheusi tii. Ndani mlikuwa na ujumbe wa sauti wa mwanawe Semi, anayechuma matunda Australia. Uliingia simu ikiwa inazama, hakuwahi kuusikiliza. Tangu hapo Semi hapatikani, na wenzake shambani hawajui alikokwenda.

"Kioo kipya kampuni haituuzii sisi wa mtaani," alisema Hemraj. "Ninacho kimoja tu, nilikitoa kwenye simu ya marehemu Apisai."

"Apisai aliyezama? Huyo ni binamu yangu!"

"Basi mwombe mwenyewe, mama. Mimi siingilii mambo ya ukoo."

Litiana akaweka mezani fungu la kava, mizizi ya kinywaji cha heshima, akaomba kerekere, ombi ambalo ndugu hakatai. Apisai akaingia akichuruzika maji ya bahari, akakaa kwenye benchi. Hemraj akamsogezea ndoo miguuni, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

"Umekonda," Litiana akamwambia. "Huko hawakulishi?"

"Na wewe umezeeka. Nilidhani ni mama yako amekuja. Chukua kioo, mimi nampigia nani?"

Hemraj akafungua, akabandika, akafunga. Simu ikawaka. Jina la Semi likatokea, na chini yake ujumbe mmoja. Litiana akaweka kidole. Simu ikaandika kwamba kioo hicho ni mali ya Apisai, ikagoma kufunguka. Apisai akafuta kidole chake kwenye shati la Hemraj, akajaribu naye. Ikagoma.

Hemraj akapiga simu kwa kampuni, Brisbane, Australia. Akapokea binti mwenye sauti laini.

"Mwenye kioo ameridhia?"

"Ameridhia. Yupo hapa, anakunywa chai. Alizama mwaka jana."

"Poleni sana. Lakini ridhaa yake haitoshi, kioo lazima kitoke kwetu. Mnaweza kuileta huku. Ila kwanza tutafuta kila kilichomo, na ujumbe wote."

"Si wanasema huko kwenu inatungwa sheria ya kuturuhusu kutengeneza?"

"Inajadiliwa, bwana. Na ikipita, itakuwa ya huku."

Hemraj akakata simu. Apisai akatazama chai yake.

"Msimu mzima nimeuza kava nikanunua simu ile," akasema. "Kumbe nimekufa sina simu."

Jioni hiyo akamfuata Litiana nyumbani, kwa kuwa simu bado inamtambua yeye kuwa mwenye kioo. Analala kwenye mkeka karibu na mlango, na kila asubuhi Litiana anauanika. Majirani walimletea blanketi, kisha wakazoea.

Wakishakula samaki, wanaweka simu katikati yao. Jina la Semi linawaka.

"Huko kwenu hujamwona?" Litiana humuuliza.

"Sijamwona."

"Basi yu hai."

"Labda. Si umsikilize mwenyewe?"

Litiana hupangusa kioo kwa pindo la sulu yake aliyojifunga kiunoni, akaweka kidole. Simu hugoma. Hupangusa, akaweka tena.